Chupa Barazani

Mwanakhamisi ana miaka sabini na mmoja. Anauza vitumbua Miyomboni tangu mimi sijaolewa, na siku zote hizo sijamsikia akigombana na mtu. Hata ile Jumamosi hakupaza sauti. Mimi ningepaza.

Tuko wazee tisa wa kliniki ya presha. Daktari alitwambia tutembee, basi kila Jumamosi asubuhi tunaanzia sokoni, tunakatiza Uhindini kwenye nyumba za zamani, tunashuka mpaka bustani ya kando ya mto Ruaha Mdogo, tunapunga upepo, tunarudi. Kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Magoti yakigoma, tunakaa kwenye baraza la nyumba ya kina Mwanakhamisi. Baba yake alilijenga mkewe alipofariki, akalitoa sadaka: kila mpita njia akipumzika pale, thawabu zimfikie marehemu.

"Leo mama kapata tisa," Mwanakhamisi hutwambia, akicheka. Mimi ni Mlutheri, hesabu hizo kwetu hazipo, lakini nilikuwa nakaa kwa moyo mmoja.

Jumamosi hiyo tulikuta baraza zima limemwagiwa saruji mpya na kupandwa vipande vya chupa. Liberatus, ambaye mguu wake mmoja ulipooza, alikuwa ameshaanza kuinama akae. Nilimdaka mkono.

Aliyefanya hivyo ni Nasri, mtoto wa kumzaa wa Mwanakhamisi, baba wa watu, anayeuza simu ndani ya nyumba ileile. Akatoka, akatuamkia, "Shikamooni." Shikamoo ya nini? Unamwamkia mzee huku umemtegea chupa?

"Mama, watu wanashinda hapa," akasema. "Wateja wanashindwa kuingia."

"Bibi yako umemkatia riziki kaburini," Mwanakhamisi akamjibu polepole. "Kwa ajili ya makava ya simu."

Kisha akaingia dukani, akatoka na kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Tukaelewa. Tukatoa viti vyote, tukatoa na benchi, tukauziba mlango wazee tisa. Kwa hasira nikanyoosha na miguu makusudi.

"Kamwene, mwanangu," nikamsalimu kila mteja aliyekuja. "Leo haingiliki."

Saa tano Nasri akaenda kuazima nyundo na patasi. Aligonga mpaka shati likalowa, na hakuna aliyempa pole, hata mimi ambaye nampa pole mpaka mbuzi aliyejikwaa. Alipomaliza akafagia, akajifuta jasho.

"Tayari, mama. Kaeni."

Liberatus akainuka na fimbo yake. Mwanakhamisi akamshika mkono, akamgeukia mwanawe.

"Kaa wewe kwanza."

Nasri akalitazama baraza. Akapitisha kiganja juu yake taratibu, kutoka mwisho huu mpaka ule. Halafu akainama, akaiokota tena patasi.