Nilimnyang'anya mgeni fimbo ya kuvulia bwawani, nikaambiwa niombe radhi

Wakuu, assalaam aleikum. Wenye salamu nyingine, habari za mchana na poleni na majukumu.

Leo sina siasa wala mpira. Nina jambo limenikaa kooni tangu vuli iliyopita, na kwa kuwa mjini kila mtu analisimulia anavyotaka, nimeona nilisimulie mwenyewe. Sitatia chumvi. Hata pale ninapoonekana mkorofi nitapaacha hivyo hivyo, maana siku ile kweli nilikuwa mkorofi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, mtoto wa Mji Mkongwe, nyumba yetu iko Kiponda. Kazi yangu ni guide, lakini siwapeleki wageni kwa pomboo wala kwa kobe. Nawapeleka shamba kuvua samaki wa maji baridi.

Ndiyo, maji baridi, Unguja hii hii. Watu wa Mwanza mlioanza kucheka, chekeni mmalize. Najua bwawa letu kwenu ni dimbwi la kuogea bata.

Kuna kambare na perege humo, na wageni wanaopenda kuvua wanawafurahia sana. Sisi wenyewe ndio tunaowadharau. Kisiwa kizima kimezungukwa na changu na nguru, nani ahangaike na samaki wa tope? Mama yangu mpaka leo hamruhusu kambare kupita mlangoni. Anasema ana masharubu kama askari mstaafu.

Bwawa lenyewe liko katikati ya bonde la mpunga. Ukitoka mjini unaelekea upande wa Jozani, halafu unaacha lami. Jina la kijiji nalihifadhi. Wanaolima bonde lile ni wanawake, na mkubwa wao ni Bi Mize, mama mwembamba mwenye sauti ya kuvuka bonde bila simu.

Babu zangu walikuwa na mashamba pande hizo enzi zao. Leo mjukuu wao anakwenda kuomba ruhusa ya kusimama ukingoni. Silalamiki, nasema tu ili mjue kwamba siku ya kwanza nilipofika, Bi Mize alishanijua ni mtoto wa nani kabla sijataja jina. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaviangalia viatu vyangu, kisha akaniangalia uso.

"Bwawa tutakupa," akasema. "Hatutaki makuu kwako. Sharti letu moja. Bonde hili ngurumo ikipiga, chuma chini."

Nikauliza chuma gani.

"Chuma chochote. Jembe, panga, mundu, na hayo mafimbo ya wageni wako. Unaweka chini pale pale ulipo, unakwenda bandani mikono mitupu. Na hurudi kuokota mpaka nirudi mimi."

Hilo sharti lina kaburi lake. Mdogo wake Bi Mize alipigwa na radi bonde lile lile akiwa na jembe begani. Mvua ilikuwa haijaanza. Wanasema ardhi ilikuwa kavu na jua liko upande mmoja, na watu walikuwa bado wanabishana kama waondoke au wamalizie jaruba. Tangu siku ile hawabishani tena.

Nikakubali. Na kila mgeni nikawa namwambia sharti hilo kabla hatujaanza safari, kisha namwambia tena tukifika. Wote walikuwa wakiitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa kukiwa na jua hakuna kazi.

Wageni wangu wengi walikuwa wanatoka hoteli moja ya upande wa Matemwe. Sitaitaja. Meneja wa pale alikuwa ananiamini, na kusema kweli bila hoteli ile mimi nisingekuwa na kazi, ningekuwa na hobi. Mama na mimi tulikuwa tunakula kwa wageni wale. Hili mliweke akilini.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa vuli, na vuli yetu mnaijua wenyewe. Mangapwani wanaanua nguo, mjini tunazianika. Unaweza kuendesha gari mbele kukavu na nyuma yako kunanyesha. Asubuhi ile tulipata manyunyu, jua, upepo, manyunyu tena, na jua kali la kuchoma shingo.

Mgeni alikuwa mmoja tu, mzee wa Kizungu aliyevua nchi nyingi duniani, na alikuwa akizitaja. Fimbo yake alikuja nayo kutoka kwao, nyembamba, nyeusi, ndefu kuliko mimi. Nilimpa sharti, akaitikia kwa kichwa. Tulipofika bondeni nikalirudia, akasema nshasikia, au kwa lugha yake maneno ya namna hiyo.

Asubuhi nzima hakupata kitu. Perege wawili wadogo akawarudisha majini, na wanawake wa bondeni wakaniuliza, sasa alikuwa anawasumbua wa nini? Nikawaambia ndiyo starehe yao. Bi Mize akasema starehe ina mambo.

Karibu na adhuhuri wingu likainuka upande wa Jozani, jeusi chini, jeupe juu. Juu yetu jua lilikuwa linawaka vile vile.

Na hapo ndipo kambare akashika. Si kambare wa mchezo. Fimbo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji, na yule mzee akawa kama kijana, anacheka peke yake. Mimi pia nilifurahi, wakuu. Nilikuwa nimemhurumia tangu asubuhi.

Ngurumo ikapiga.

Ilikuwa mbali, nzito, ya kuviringika. Nikageuka nyuma. Bonde zima wanawake walikuwa wanainama, wanaweka majembe, wanaondoka. Hakuna aliyekimbia na hakuna aliyesema neno. Nikamwambia mgeni, weka chini, twende.

Akasema dakika tano.

Nikamwambia hapana, sasa hivi. Akasema yeye amevua miaka mingi kuliko umri wangu, wingu lile liko mbali na linakwenda upande mwingine. Na samaki huyu ndiye aliyemleta Afrika. Alisema hayo bila kuniangalia, macho yako kwenye mshipi.

Ngurumo ikapiga tena. Wanawake wote walikuwa bandani wamenielekea mimi.

Nikaishika fimbo juu kidogo ya pale alipoishika yeye, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikailaza kwenye majani. Mshipi ukakatika, kambare akaenda zake na ndoana mdomoni.

Mzee yule alinitukana. Nilisimama kati yake na fimbo, mtandio umenianguka mabegani, matope mpaka magotini, nikamwonyesha banda kwa mkono kama mtu anayefukuza mbuzi. Akaenda.

Tukakaa bandani tumebanana, yeye amenipa mgongo. Tukasubiri.

Wakuu, niliahidi ukweli. Ikanguruma mara moja tena, mbali zaidi. Wingu likapita upande wa kusini, taratibu. Haikudondoka hata tone. Jua likawaka mpaka majani yakanuka. Mzee akataka kurudi bwawani, nikamwambia bado. Bi Mize alikuwa amekaa anachambua mchicha, hajainua hata kichwa. Muda ulikwenda. Alipoinuka yeye, wote wakainuka, na mgeni akaenda kuokota fimbo yake, akapita moja kwa moja mpaka garini.

Nikamrudisha Matemwe.

Jioni meneja akanipigia. Mgeni amesema nimemvamia. Kuvamia! Sikumgusa hata ukucha, nilichoshika ni fimbo. Lakini alikuwa anatishia kuandika review mbaya ya hoteli, na meneja alikuwa na hofu.

"Mvua yenyewe ilinyesha?" akaniuliza.

"Haikunyesha."

"Sasa dada yangu, hapo mimi nikuteteeje?"

Nikamweleza sharti, nikamweleza habari ya mdogo wake Bi Mize. Alisikiliza, sitamsingizia. Kisha akasema jambo ni dogo. Njoo kesho, umwambie mgeni kwamba uliisoma vibaya hali ya hewa, umwombe radhi, tufunge ukurasa. Usipokuja, safari za kuvua nitampa mtu mwingine.

Nikamwambia mama. Mama akasema, "Kaombe radhi, mwanangu. Neno tu, litakupunguza nini?"

Sikulala vizuri. Mama hakuwa anasema upuuzi, ni mwanamke mjane anayeijua bei ya unga. Na mimi nimeshaomba radhi kwa wageni mara nyingi tu: chakula kimechelewa, gari imezima, choo hakina maji. Radhi ni sehemu ya kazi hii. Nikajiambia nitaomba.

Asubuhi nikavaa vizuri, nikapanda kigari cha marehemu baba, nikaenda. Njiani nikawa nalijaribu lile neno kwa sauti. "Nilikosea." Nikalisema mara kadhaa. Nikajaribu kufikiria safari nyingine, mgeni mwingine, ngurumo nyingine, na mimi namwambia weka chini. Nikajiona nasita. Nikajiona naangalia wingu kwanza, nakisia, nahesabu kama hoteli itakasirika. Pale pale nikajua neno lile silitoi.

Nilimkuta mgeni anakunywa chai, meneja amesimama pembeni na tabasamu lake la kazini.

Nikamwambia mgeni: nasikitika kwa siku yako iliyoharibika, na kwa samaki wako, kwa sababu niliona ulivyofurahi. Hilo nalisema kwa moyo wangu. Lakini kuiweka chini fimbo yako sikukosea. Ikinguruma leo nitaiweka chini tena.

Akasema kwani mvua ilinyesha?

Nikamwambia sikukisia mvua. Nilisikia ngurumo.

Akarudi kwenye mkate wake. Meneja tabasamu likamwisha.

Alinisindikiza mpaka getini na hakunifokea. Alisema tu, "Neno moja lilikushinda." Nikamwambia ndiyo, limenishinda. Akasema basi Mungu akufungulie kwengine. Na kweli akampa mtu mwingine safari zile, naye anawapeleka wageni baharini, huko hakuna sharti la Bi Mize.

Nilirudi nyumbani na hasira, na ndiyo, nilikuwa naogopa. Mama akaniuliza, "Umeomba?" Nikasema sikuomba. Akaniangalia kama ananipima, kisha akasema, "Njoo ule."

Siku iliyofuata nikaenda bondeni kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nikamsimulia Bi Mize yote nikidhani atanisifu. Hakunisifu. Akauliza, "Leo huna wageni?" Nikasema sina. "Basi shika jembe, ukoka umetuzidi." Nikapalilia mpaka viganja vikachubuka, na wale akina mama wakanicheka mtoto wa mjini mpaka wakashika viuno. Waliponipa pishi ya mchele wa pale niende nao kwa mama, nililia njiani. Nasema wazi, nililia.

Hali yangu sasa? Wageni ni wachache. Wanakuja kwa kuambizana, wiki nyingine hawaji kabisa. Sharti nalisema siku ya booking kwa maandishi, na naongeza kwamba nimewahi kumnyang'anya mtu fimbo. Kuna wanaoghairi. Nawatakia safari njema.

Ndugu na jamaa wananiambia nina kichwa kigumu, nimeiangusha nyumba kwa ajili ya wingu lililopita. Wengine wanasema ni udhaifu wa kumwogopa mwanamke wa shamba. Na mimi nawajibu hivi: radi ingeanguka siku ile kwenye ukingo wa bwawa, nani angeniambia niombe radhi? Ningeitwa shujaa, meneja angenipigia picha. Kilichonifukuzisha kazi ni kwamba mgeni alirudi mzima, mkavu, na hasira zake. Nimemrudisha mzima. Ndiyo kazi niliyopewa.

Nilichojifunza ni kwamba sharti la usalama karibu siku zote litakufanya uonekane mjinga. Utawatoa watu, hakitatokea kitu, utachekwa. Ukishaomba radhi kwa kuonekana mjinga, siku ya pili hutawatoa. Basi mimi nimechagua kuchekwa.

Wenye kazi za kutembeza watu, wa milimani, wa mbugani, wa baharini, nataka kusikia kwenu. Mlishawahi kuambiwa mwombe radhi kwa jambo ambalo halikutokea? Mlifanyaje?

Na wewe unayeona nilikosea, andika hapo chini bila woga, nitasoma na nitajibu. Ila usianze na kwamba mvua haikunyesha. Najua haikunyesha. Nilikuwepo.