Sukari Iliyoigiza Miaka Mitatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bunduki ya mti, simu isiyo na waya, miwani isiyo na vioo na ndevu za katani, nikaambiwa nitie sahihi. Nilikuwa nimeteremka kutoka kwetu Bombo, kule milimani Upare, na barua ya Meneja Utumishi wa shamba la mkonge, inayosema nimeajiriwa kuwa mtunza stoo. Mimi nikajua ni stoo ya majembe na magunia. Kumbe ni stoo ya kikundi cha maigizo cha wafanyakazi, na aliyenipokea alikuwa Mwongozaji wa kikundi, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, ingawa hakuwa mzee.

"Marahaba. Unajua propu ni nini, binti?"

"Sijui."

"Propu ni kitu chochote ambacho mwigizaji anakishika akiwa jukwaani. Kikombe, fimbo, barua. Wewe ndiye mtunza propu. Propu hailiwi, haiazimwi, haichezewi. Ikipotea propu, na wewe umepotea. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Moyoni nilikuwa nawaza nitamweleza nini mama yangu, aliyelitangazia kanisa zima kwamba binti yake Namsifu amepata kazi ya ofisini.

Nyie vijana mnaocheza muvi siku hizi mkishika simu tu, mjue wakati ule mashirika na mashamba makubwa yalikuwa na vikundi vyao vya ngoma, kwaya na maigizo. Chetu kilikuwa na watu wa kila kona: Waha, Wabena, Wamakonde, na sisi Wapare tulioshuka milimani. Asubuhi walikata mkonge, mchana walifanya mazoezi kwenye banda la marobota. Mwongozaji alikuwa amesomea maigizo chuoni, na alichotoka nacho huko ni maneno ya Kiingereza. Kila Jumatatu aliandika neno moja ubaoni na hakuna aliyeshika skripti mpaka alielewe. Kyu, ile ishara inayokuambia zamu yako imefika. Promputa, mtu anayejificha pembeni na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Blokingi, mpango wa nani asimame wapi na aelekee wapi. Nilikuwa na daftari langu, nikayaandika yote kama nilivyoyasikia.

Blokingi ilitutoa jasho. Mwongozaji alifundisha kwamba apusteji ni nyuma ya jukwaa, mbali na watazamaji, na daunisteji ni mbele, karibu nao. Akatuambia apu ni juu na dauni ni chini. Ee, basi! Kwetu sisi juu ni kule milimani na chini ni tambarare, hata ukituamsha usingizini tutakuonyesha kwa kidole. Tulipoigiza kwenye uwanja ambao watazamaji walikaa upande wa milima, Mwongozaji akanong'ona "apusteji!" na waigizaji wanne wakageuka wakaenda mpaka mapajani mwa Meneja Mkuu. Mwongozaji alishika kichwa. Alitukemea wiki nzima, mwisho akachoka yeye. Tangu hapo, popote tulipokwenda, alitafuta milima iko wapi kwanza, kisha jukwaa likajengwa kuipa mgongo.

Sasa nije kwenye sukari.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni hakuna, tulifua kwa majani ya mpapai. Nguo zilikuwa kauka nikuvae. Chai tulikunywa kavu huku tukitafuna kipande cha muwa pembeni, aliyekuwa na muwa. Tukatunga mchezo wa mlanguzi, tajiri anayeficha magunia ya sukari uvunguni huku majirani wanahangaika. Mlanguzi alikuwa Zuberi, Muha mmoja mwenye sauti ya kutikisa mabati na moyo laini kama maandazi. Kilele cha mchezo ni pale anapofungua gunia, anachota sukari kwa viganja viwili na kuimimina polepole huku anacheka.

Mwongozaji alitaka iwe maimu. Neno hilo aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa kuliko mengine yote: maimu, kuigiza kitu ambacho hakipo mpaka mtazamaji akione. Zuberi akakataa katakata.

"Mwongozaji, watu wa huku wana mwaka hawajaiona sukari. Ukiwachotea hewa watadhani unawadhihaki. Mimi kupigwa mawe sitaki."

Ndipo Mwongozaji akaenda kumwangukia Meneja Mkuu, akarudi na kibali na kilo moja ya sukari halisi kutoka nyumba ya wageni ya shamba. Magunia yote yalijazwa takataka za mkonge, na gunia moja tu likawekewa sukari hiyo juu, kwenye kitambaa. Nikatia sahihi.

Sukari ile iliigiza miaka mitatu. Zuberi alipoimimina, uwanja mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, "Aaah!", na kuna kina mama walifuta machozi. Chini nilitandika shuka jeupe. Mchezo ukiisha, kabla watu hawajaondoka, mimi nilikuwa nimeshapiga magoti naokota punje moja moja na kuzirudisha kwenye kopo lake. Waigizaji walinitania, "Mama Propu, ile pale imekimbilia daunisteji!" Wacheke wasicheke, nilikagua viganja vya Zuberi kabla hajaruhusiwa kunawa. Hata hivyo ilipungua. Sisimizi walichukua zao, na waigizaji, Mungu awasamehe, walichukua zao. Mwaka wa tatu ilikuwa imebaki nusu kilo hivi, imeshikana mabonge na rangi yake imekuwa ya mchanga.

Mwaka huo ikaja habari kwamba mashirika yanabana matumizi. Afisa Utamaduni wa Mkoa angetoka Moshi kuja kutazama mchezo wetu Kihurio, kwa wakulima wa mpunga, na taarifa yake ndiyo ingeamua kama kikundi kitabaki au kitavunjwa. Kuvunjwa maana yake wenzangu kurudi shambani kukata mkonge moja kwa moja, na mimi kurudi Bombo mikono mitupu. Mama alikuwa mgonjwa wa miguu na mshahara wangu ndio uliomnunulia dawa. Usingizi ulinipaa.

Tulifika Kihurio asubuhi, mchezo uwe saa tisa alasiri. Napanga propu nyuma ya darasa la shule, nikaona bibi mmoja anakuja, kanga kiunoni, hatua za haraka. Jina lake Bibi Nakijwa, nilikuja kulijua baadaye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeokota sukari?"

Nikashtuka. "Sukari gani, bibi?"

"Usinichezee, mwanangu. Mlikuja hapa mwaka jana. Niliiona kwa macho yangu haya mawili, na nilikuona wewe ukiiokota. Mjukuu wangu anaharisha na kutapika siku ya pili. Wako watoto saba zahanati. Muuguzi anayo chumvi, anayo maji ya kuchemsha, sukari ya kuchanganya hana. Kijiji kizima hakina."

Nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema maishani. Nikamwambia, "Bibi, ile si sukari. Ile ni propu."

Akaniangalia. "Ina utamu, haina?"

"Ina."

"Basi."

Nilifungua kasha, nikatoa kopo. Nilitaka nimpunguzie kidogo tu, vijiko vichache, nyingine ibaki kwa ajili ya Afisa. Nikachota kijiko cha kwanza, nikaona haya. Watoto saba! Nikafunga kopo, nikampa lote, na nikamfuata mpaka zahanati. Nilimwambia muuguzi kwamba hiyo sukari imeshikwa na mikono ya watu wengi mno. Muuguzi, mama mnene asiye na muda wa maneno, akasema, "Tutaichemsha pamoja na maji. Nishikie huyu." Nikashika mtoto. Alikuwa mwepesi, macho yamezama ndani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na si kwa ajili ya Afisa tena.

Saa nane nilirudi shuleni. Nilimkuta Mwongozaji na Zuberi, nikasema yote bila kupumua. Zuberi alikaa chini kwenye gunia. "Dada Namsifu," akasema, "umenimaliza." Nilisubiri Mwongozaji aniambie na mimi nimepotea, kama alivyoahidi siku ya kwanza. Akatoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Wanakunywa?" akauliza.

"Wanakunywa. Wawili wameacha kutapika."

"Haya." Akamgeukia Zuberi. "Maimu."

"Watanipiga mawe, Mwongozaji!"

"Watupige wote. Simama."

Tukafanya mazoezi nyuma ya darasa, dakika chache tu. Mwongozaji alimwambia, "Sukari ina uzito, Zuberi. Ukichota mikono ishuke." Akachota. "Hiyo ni pamba, chota tena!" Mimi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia hapana, sukari yetu ina mabonge, ukiingiza mkono inakwama kwanza, halafu inaachia ghafla, na ukimaliza kumimina huwa inang'ang'ania katikati ya vidole, mpaka ukung'ute. Hakuna mtu duniani aliyeijua sukari ile kama mimi. Mwongozaji alinitazama kwa mshangao, akasema, "Umesikia? Fanya anavyosema Mama Propu."

Saa tisa uwanja umejaa. Afisa Utamaduni wa Mkoa amekaa mbele na daftari lake. Nikachungulia, nikamwona Bibi Nakijwa safu ya pili na wanawake wenzake. Walijua wote. Kijiji kizima kilijua kopo liko wapi.

Zuberi akafungua gunia. Akaingiza mikono, ikakwama, ikaachia. Akainua viganja na mikono ikashuka kwa uzito. Akamimina. Ile "Aaah" haikusikika. Nilihesabu pumzi zangu. Akakung'uta vidole, na hapo akaanza kile kicheko chake cha mlanguzi, lakini sauti ilikuwa inamtetemeka.

Ndipo Bibi Nakijwa akasimama. Akakunjua upindo wa kanga yake, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayekinga mchele kwenye mashine ya kukoboa. Jirani yake akasimama, naye akakinga. Kisha safu nzima, kisha uwanja, kanga, kofia, viganja, hata watoto na mashati yao. Zuberi akatazama, machozi yakamtoka. Haikuwa kwenye skripti, lakini aliacha kucheka, akachota tena, akawamiminia mmoja mmoja mpaka gunia likaisha. Na wao wakainua nguo zao kwa uangalifu isimwagike. Ile "Aaah" iliyotoka siku hiyo sijaisikia tena popote. Mimi nilikuwa nalia nyuma ya pazia kama mtoto aliyechapwa.

Afisa alimwita Mwongozaji pembeni. "Watazamaji hawa umewafundisha lini?"

"Tuna mazoezi mengi, mzee," Mwongozaji akajibu bila kupepesa macho.

Kikundi kikabaki. Watoto saba wakapona wote, na kila mavuno Bibi Nakijwa alinitumia debe la mchele, mpaka alipofariki. Nilipomwandikia Mwongozaji barua ya kujieleza kuhusu propu iliyopotea, aliirudisha ikiwa na neno moja tu: "Imepokelewa."

Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Mipaka ikalegea, mitumba ikajaa sokoni Same, sukari ikapangwa madukani mpaka ikachosha macho. Tulicheza tena mchezo wa mlanguzi, safari hii tukiwa na kilo tano za sukari nyeupe peee. Zuberi akamimina. Mtu mmoja nyuma akapiga miayo. Muda si mrefu shamba likapata mwenyewe mpya ambaye hakuhitaji waigizaji, na mabanda ya video yakachukua watazamaji waliobaki. Zuberi akarudi Kigoma, akafungua mgahawa. Nasikia sauti yake inatosha kuita wateja kutoka kijiji cha pili.

Mimi nilipata bahati, watu wa filamu walikuja Same wakaniokota. Huko nilijifunza neno la mwisho kwenye daftari langu: kontinuiti, kuhakikisha kitu hakibadiliki kati ya teki na teki, yaani kila tukio linaporekodiwa upya. Chai ikiwa nusu kikombe, ibaki nusu, hata mkirudia mara kumi. Vijana walishangaa namna ninavyokazia macho kikombe. Nilifanya kazi hiyo mpaka miguu ikanigomea, kama ya mama.

Sasa nimestaafu, nakaa kwangu hapa Same, napika makande na kugombana na kuku. Mimi niliyeilinda sukari miaka mitatu, daktari amenikataza sukari! Nilicheka mbele yake mpaka akadhani sikumwelewa. Nyumbani ninalo kopo lililojaa, kwa ajili ya wageni. Mimi kikombe changu nakifanyia maimu: nachota hewa, namimina, nakoroga, na nakuapia, inakolea.

Juzi Mwongozaji alinitembelea, ameteremka kutoka Msangeni, kichwa cheupe, kalamu bado iko sikioni. Nikamtilia yake sukari ya kweli. Kisha nikachota yangu. Alinitazama kwa jicho lile lile la banda la marobota.

"Kijiko umekijaza mno, Mama Propu," akasema. "Umemwaga."

Nikatazama mezani. Nikaweka kijiko chini, nikaziokota punje moja moja, nikazirudisha kopoini.