Tenki Ambalo Mama Alikataa Kulitoa

Kiwanda chetu cha kusindika tumbaku kilifungwa katika ile miaka ambayo kila redio ilikuwa inaimba soko huria, na sisi tuliokuwa ndani hatukujua soko hilo linatutaka kwa kazi gani. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kushindilia marobota. Niliingia pale kijana, nikaoa nikiwa pale, na sikuwa na ufundi mwingine wowote zaidi ya kujua jani likishindiliwa likiwa bichi litaoza. Wenzangu wengi walirudi mashambani Namtumbo. Mimi na mke wangu tulibaki Lizaboni, hapo Songea mjini, tukafungua dirisha la nyumba tukawa tunauza chumvi, mafuta ya taa na viberiti kwa majirani ambao nao walikuwa wamepunguzwa kazi.

Jumapili moja, Misa ilipokwisha, yalisomwa matangazo. Shirika moja la kanisa lilikuwa linafungua karakana ya kuwafundisha waliopunguzwa kazi ufundi mpya, ufundi wa faibaglasi. Nje ya kanisa watu walibaki wanaulizana. Jirani yangu alisema kwa uhakika kabisa kwamba faibaglasi ni aina ya mitumba. Mke wangu akaniambia, "Nenda ukaione hiyo mitumba. Hapa dirishani natosha mwenyewe."

Nilipofika, karakana ilikuwa ghala la zamani lenye milango mipana ya bati. Ndani palikuwa na benchi refu, na kwenye benchi walikaa watu ambao nusu yao niliwafahamu kutoka kiwandani. Mbele kabisa, mgongo umenyooka, amejifunga khanga juu ya koti la sweta, alikuwa amekaa mama msimamizi.

Huyu mama ndiye aliyekuwa anasimamia ukumbi wa kuchambua majani, ukumbi mkubwa wa wanawake peke yao. Sauti yake ilikuwa inasikika juu ya mashine. Akipita, hata sisi wa marobota ambao hatukuwa chini yake tulikuwa tunajikuta tumeacha soga. Alikuwa na wajukuu tayari. Nilidhani amekuja kusimamia.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Umepewa kazi huku?"

"Marahaba. Nimekuja kusoma," akasema. "Kaa, mwalimu anakuja."

Mwalimu alipoingia tulimwona ni kijana mwembamba kutoka Dar es Salaam, aliyejifunzia kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza boti. Angeweza kuwa kitinda mimba wa yule mama. Mama akasimama. Sisi tuliobaki tukatazamana, kisha mmoja mmoja tukasimama na sisi, kama watoto wa darasa la kwanza. Tangu siku ile mpaka mafunzo yanakwisha hakuwahi kuacha kusimama kila yule kijana alipoingia, wala hakumwita kwa neno lolote isipokuwa mwalimu.

Mwalimu hakuanza na ubao. Alichukua kitambaa cheupe kilichosukwa kwa nyuzi za kioo, yeye alikiita mkeka, akakipeperusha kama leso. Kisha akatuonyesha kipande cha gundi iliyokauka, akakipiga ukingoni mwa benchi, kikapasuka vipande. Mwisho akalaza chini ubao mwembamba aliokuwa ametengeneza kwa mkeka na gundi hiyo, akaukalisha juu ya matofali mawili, akamwomba jamaa mnene kuliko wote aukanyage. Jamaa alikuwa mwenzangu wa marobota. Alikanyaga kwa woga, kisha akarukaruka. Ubao ukapinda kidogo, ukarudi.

"Mkeka peke yake unapeperuka," mwalimu akasema. "Gundi peke yake inavunjika. Vikishikana vizuri, vinaruka angani. Hivi ndivyo siku hizi wanavyotengeneza hata sehemu za ndege. Vikishikana vibaya, ni takataka ghali."

Nilirudi nyumbani nikijikuna mwili mzima, maana nyuzi za kioo huingia kwenye ngozi kama upupu, na bado nilikuwa natabasamu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapaka nta kwenye kalibu, lile umbo la kufinyangia, ili kitu kisinase. Unachanganya gundi na dawa ya kuigandisha, na hapo lazima uwe mwepesi, maana ikishaanza kuganda haikungoji. Unalaza mkeka, unaumwagia gundi, unapitisha rola mpaka hewa yote itoke. Hewa ikibaki ndani ni viputo, na penye kiputo ndipo patakapopasuka.

Mama msimamizi alianza vibaya kuliko wote. Mikono yake ilizoea kugusa jani polepole, kuligeuza, kulinusa. Gundi haikumpa nafasi hiyo. Siku moja mwalimu aliuchukua ubao wake, akaukata katikati kwa msumeno mbele yetu sote, akatuonyesha ndani. Ulikuwa na matundu kama mkate. Nyuma yangu nikasikia vicheko vya chini kwa chini. Wanawake wawili ambao zamani aliwahi kuwarudishia kazi waifanye upya walikuwa wamejifunika midomo kwa khanga.

Mama alivisikia vile vicheko. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba hivyo vipande."

"Vya nini, mama? Hivi ni vya kutupa."

"Nataka nijue kila tundu limeingiaje."

Akaenda navyo kwenye mwanga wa mlango, akakaa akivitazama. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia anajisemea kwa Kingoni, lugha ambayo kazini sikuwahi kumsikia akiitumia. Siku zilizofuata alianza kufika kabla ya wengine na kuomba mabaki ya mkeka ili ajizoeze. Alikuwa anaanzia rola katikati na kuisukuma kuelekea ukingoni, hivyo hivyo kama mwalimu alivyoelekeza siku ya kwanza na sisi tukaona ni maneno tu. Haukupita muda mrefu, ubao wake ulipokatwa ulikuwa mweupe na mzima ndani kama nazi. Wale wanawake wawili ndio waliokuwa wa kwanza kumpigia vigelegele. Hilo lilinigusa kuliko ubao wenyewe.

Kulikuwa pia na siku ya ndoo. Mwenzangu yule mnene alizidisha dawa, kisha akaiacha ndoo ya gundi benchini akaenda kuongea. Tukaona moshi. Gundi ilikuwa inachemka bila moto, ndoo ya plastiki imeanza kulegea, na harufu kali imejaa ghalani. Watu wakakimbilia mlangoni wakisukumana. Mwalimu alikuwa nje akipakua mizigo. Ndipo ikasikika ile sauti ya kiwandani, sauti iliyokuwa inapita juu ya mashine:

"Fungua milango yote! Wewe, lete koleo! Msimwagie maji!"

Mimi ndiye niliyekuwa "wewe". Nilileta koleo. Akaliingiza chini ya ndoo taratibu, akatoka nayo mikono imenyooka, akaiweka kwenye mchanga uani. Gundi ilipasuka kwa mlio kama wa bakuli linalovunjika. Mama akajifuta jasho, akamgeukia mwenzangu yule mnene.

"Umeungua?"

"Hapana, mama."

"Basi kafagie. Kesho utapima dawa nikiwa nimesimama pembeni yako."

Mafunzo yalipokwisha, karakana ikageuka kuwa ya kazi, na sisi tukaendelea kama mafundi. Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa tenki la kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya zahanati moja ya masista, mbele ya Namtumbo. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kusimama ndani. Tulilitengeneza katika miezi ya baridi, Juni na Julai, wakati asubuhi Songea huamka ndani ya ukungu na gundi huganda kwa uvivu. Mwalimu alituambia wazi kwamba baridi kama hii kule Dar hakuwahi kufanya nayo kazi, basi tukawa tunajaribu pamoja naye, tukilitoa jua likichomoza, tukilifunika turubai jua likizama. Kabla halijakamilika ikabidi asafiri kwenda kununua gundi nyingine. Akamwachia mama uangalizi.

Tulimaliza tukalipaka rangi ya buluu. Lilipendeza. Tulikuwa tumeshaanza kujisifu pale mama alipochukua bisibisi, akaishika upande wa chuma, akaanza kuligonga tenki kwa mpini, polepole, akilizunguka. Ndivyo tulivyofundishwa kukagua. Ko, ko, ko. Akafika upande wa chini. Pu. Akarudia. Pu.

"Njooni msikilize," akasema.

Tukasikiliza. Mwenzangu mnene akasema, "Mama, ni padogo tu hapo. Rangi imeshapakwa, na sista anakuja kesho na lori."

"Nasikia pameachana."

"Kwa nje halivuji. Tumelijaza maji jana."

"Jana, ndiyo. Na mwakani?" Akatutazama mmoja mmoja. "Wagonjwa watakunywa humu. Leteni msumeno."

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa na hasira, sitaficha. Mikono yangu ilikuwa bado na malengelenge ya lile tenki. Akaufuata msumeno mwenyewe, akalikata tenki letu la buluu mbele ya macho yetu. Kipande kilipotoka tukaona tabaka mbili zimeachana, katikati nafasi ya kupenyeza ukucha. Umande wa asubuhi ulikuwa umeingia kabla hatujalaza mkeka wa pili.

Kesho yake sista alishuka kwenye lori, mwanamke wa makamo mwenye haraka. Mama hakumtuma mtu. Alitoka mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Tenki letu liko tayari?"

"Lipo, sista, ila halifai. Sikupi."

"Nimetoka kule kote na lori tupu nirudi na lori tupu?"

"Njoo uone kwanza, ndipo unikasirikie."

Akampeleka kwenye lile tundu. Sista akainama, akapenyeza ukucha katikati ya zile tabaka. Kisha akauliza litachukua muda gani. Mama akamwambia ukweli, kwamba hajui, inategemea jua. Sista akatikisa kichwa, akapanda lori, na kabla dereva hajawasha akatoa kichwa dirishani.

"Mama, laiti hata mabati ya paa letu ungetuuzia wewe!"

Mwalimu aliporudi alikuta tenki limekatwa na sisi tunachonga kingo upya ili mkeka mpya ushike. Akasimama akitazama.

"Nani alikata?"

"Mimi, mwalimu," mama akasema, na kama kawaida yake alikuwa amesimama.

Kijana yule akapapasa kingo kwa kidole gumba, akaligonga tenki pande zote, akatabasamu. "Basi sasa naweza kusafiri bila wasiwasi," akasema, kisha akavua koti akaungana nasi.

Tulilifunga tenki lile kwenye zahanati kabla ya mvua za mwaka huo. Nilikuwepo. Niliwahi kupita pale miaka mingi baadaye, rangi imepauka na jua, na wanawake walikuwa wanakinga maji bombani kana kwamba tenki limekuwepo tangu uumbaji. Karakana ile iliendelea kwa muda, kisha tukatawanyika, kila mtu na ufundi wake. Mwenzangu mnene akawa anatengeneza bampa za mabasi mjini, na kazi yake inasifiwa. Mimi nilikwenda Dar kutengeneza boti, nikakaa huko miaka.

Mama msimamizi aliombwa afundishe kundi lililofuata. Nilimwona siku moja kabla sijaondoka. Wasichana walikuwa wamemzunguka, vidole vimejaa gundi, na yeye ameshika msumeno, anaukata ubao wa mmoja wao katikati. Msichana alikuwa karibu kulia. Mama akampa vipande vyote viwili mkononi, akamsogeza hadi penye mwanga wa mlango, akakaa pembeni yake.

"Haya," nikamsikia anasema, "tuanze na tundu hili."