Ukurasa Uliofuata Pamba

Kwa siku tatu sikupata usingizi mzuri. Nilikuwa nimetoka kwa Masista na diploma yangu ya ualimu, na Jumatatu nilitakiwa kusimama mbele ya darasa la tatu hapa Kasongo. Jambo moja lilinisumbua: kabla ya kufungua kitabu cha kusoma, niwaambie watoto nini? Nilikifungua, nikakifunga, nikakifungua tena. Kilinuka gundi na unyevu, na harufu hiyo, mtaniwia radhi, hunirudisha jikoni kwa Mama Feza.

Mama Feza alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mume wake alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Kabambare, miezi ikapita bila habari. Jioni, yeye akimenya mihogo, mimi, wakati huo mtoto wa shule, nilimsomea kitabu changu cha kusoma, nikijivuna kama katekista. Nilianza na ukurasa wa pamba: vuta kamba, pima hatua, tia mbegu. Wakati ule kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Alifuata kitabu neno kwa neno, na pamba yake ikatoka vizuri hata kapita, msimamizi wa mashamba, akaja kuitazama. Tangu siku hiyo alikiamini kitabu kuliko watu.

Ndipo nikafika ukurasa uliofuata. Mtu mmoja aliacha shamba lake, akaenda kutafuta dhahabu, udongo ukamfunika shimoni.

Kisu kikasimama. "Mutu gani?"

"Jina halikuandikwa, Mama."

"Aliacha bibi?"

Nilitazama. "Aliacha mke na shamba."

"Soma tena."

Nikasoma tena, tena kwa madaha, kwa sababu shuleni nilisifiwa sauti. Mama Feza akamwaga maji juu ya moto wa jiko, kama inavyofanywa kwetu mwenye nyumba anapokufa. Asubuhi alikuwa amenyolewa kichwa, na wanawake wamejaa uani wakilia.

Nikajiuliza: Ni yeye? Na kama si yeye, kwa nini imeandikwa? Nikamkimbilia mwalimu wetu. Alicheka.

"Ile ni hadithi tu. Iko mutu aliitunga."

"Na pamba?"

"Pamba ni ya kweli."

"Lakini kitabu ni kimoja, Mwalimu."

Akaacha kucheka. Akaniambia nirudi nyumbani.

Nyumbani nilisema ni hadithi tu, hakuna aliyenisikiliza. "Muzungu amalize wino yake kuandika bongo?" jirani mmoja aliniuliza. "Uongo gani huo, uko na shimo, uko na bibi?"

Juma la tatu mume akafika kwa miguu, gunia la chumvi begani. Akamtazama mke wake mwenye kipara.

"Nani amekufa?"

"Ni wewe," akasema Mama Feza, akakaa chini.

Watu walicheka miaka mingi, naye hakuniomba tena nimsomee. Kwa muda mrefu nililaumu kitabu, kisha nikajilaumu mimi. Baadaye sana nilielewa kwamba hofu ile alikuwa nayo tangu mume alipoondoka. Hadithi iliipa tu mahali pa kukaa. Aliyeitunga hakumjua Mama Feza, na bado alimgusa palepale penye kidonda. Siwezi kuiita bongo. Ila alistahili kuambiwa mapema kwamba imetungwa.

Jumatatu nikafungua hadithi ya msichana aliyepotea njia ya Nyangwe. Watoto arobaini walinikodolea macho.

"Huyu binti hayuko Nyangwe wala pengine," niliwaambia. "Iko mutu alimuwaza. Musiende kumutafuta. Lakini mukitaka kumulilia, mulieni."

Nikaanza kusoma.