Kanda Iliyokwenda Kinshasa

Niliporudi Bukavu safari hii, kabla hata sijamaliza kuwaamkia ndugu zangu wote, niliingia katika kiduka cha vyombo vya sauti kwenye mteremko wa kutoka Nyawera. Wewe unayenijua hutashangaa. Nimezunguka sana, Lubumbashi, Bujumbura, Kampala, na kila nilipopanga chumba nilikipanga mimi na gitaa langu. Si mwanamuziki. Napiga jioni baada ya kula, kwa ajili ya masikio yangu na ya jirani asiye na la kufanya. Lakini umri umenitia hamu ya kurekodi nyumbani, polepole, zile nyimbo chache ninazozijua, kabla vidole havijakakamaa.

Kijana muuzaji alinipokea vizuri. "Maman, unataka kurekodi sauti ya mudomo, ao gitaa peke?" Akanipangia vitu mezani: kipaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye simu, kingine kikubwa cha kusimama, na kisanduku chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ambacho gitaa linaingia upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Alinishauri nisikimbilie kipaza sauti cha bei kama chumba changu ni bati tupu na hakina pazia. Nianze na pazia. Nilimpenda kwa neno hilo. Halafu tukafika kwenye programu, moja ya bure na moja ya kulipia.

"Hii ya kulipia iko na akili," alisema. "Inasafisha makelele."

Akanisikilizisha gitaa la mtu lililorekodiwa chini ya mvua. Akabonyeza mahali. Mvua ikakatika, gitaa likabaki peke yake kama mtu aliyesahauliwa mahali. Na mimi, rafiki yangu, nikawa siko tena dukani.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nchi ilikuwa imekatwa vipande. Tulikaa Kadutu, hapa hapa Bukavu, juu mteremkoni, ambako ziwa unaliona kama kipande cha kioo kati ya bati mbili. Asubuhi kulikuwa na ukungu na mlio wa kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo. Mchana, sambaza, dagaa wa ziwani, wakikaangwa na moshi wa mbabula, majiko ya mkaa, ukipita mlango kwa mlango, hata ukajua nani anapika nini na nani leo hapiki. Papa, karani wa ofisi, alikuwa amekwenda Kinshasa kwa mafunzo ya wiki mbili. Vita vikaanza nyuma ya mgongo wake. Sisi tukabaki upande mmoja wa nchi, yeye upande mwingine, na katikati pori na watu wenye bunduki.

Gitaa lake lilibaki ukutani. Uzi mmoja ulikuwa umekatika zamani, akaweka badala yake waya wa breki ya baiskeli, na waya huo ulikuwa na sauti yake ya peke, kama mtu mwenye mafua anayeimba kwa bidii. Nililishusha nikajifundisha mwenyewe, kwa kukumbuka vidole vyake, ule wimbo aliokuwa akiupiga Jumapili tukingoja maharagi yaive. Haukuwa na jina wala maneno.

Barua zilipita kwa mikono ya wasafiri, zikizunguka hadi Nairobi ndipo zifike Kinshasa. Mama aliandika: tuko wazima, watoto wanasoma, na mama yako ni mzima. Mama yake huyo ndiye bibi yangu, tuliyemwita Koko, aliyekuwa amekimbia kutoka Walungu akatufikia na kuku mmoja kwapani. Kuku alilala chini ya meza ya sebuleni, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Ijumaa moja akaja sista wa parokia aliyekuwa ametoka Kinshasa. Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akasema: "Haamini."

"Haamini nini?" Mama akauliza.

"Kama mama yake iko. Anasema barua zote ni mukono yako weye. Anasema mutu akikuwa mbali, kifo banamufichaka."

Na kweli, ndivyo tulivyozoea. Aliye safarini hapewi habari ya msiba, asije akaanguka ugenini bila mtu wa kumshika. Papa aliijua desturi hiyo vizuri kuliko sisi, na ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Sista akaongeza lililobaki, kwa sauti ndogo: Papa ametafuta wenzake wawili wa kupita pori, hadi Kisangani, na kutoka huko mpaka kwetu. Amekubali kumngoja sista arudi na sauti ya mama yake. Ikikosekana, anatoka.

Mama alikaa chini. Tulijua wanaume waliojaribu njia hiyo. Wake zao walikuwa bado wanawangoja.

"Akipita pori," alisema, "hatutamupata tena."

Sista alikuwa aondoke Jumatatu. Basi Jumamosi ile nyumba yetu ikawa kama duka nililokueleza, isipokuwa hapakuwa na programu yenye akili. Maman jirani, mfanyabiashara wa vitenge, alileta redio yake kubwa ya kanda mbili, kaibeba kichwani mwenyewe. "Muiheshimu," alisema. "Inakula betri sawa bwana yangu anakulaka bugari, na yote mbili hazishibe." Umeme haukuwepo, betri zilikuwa za zamani. Tulizianika juu ya bati zipate nguvu ya jua, nikapiga wimbo wa Papa, tukausikiliza. Ulikuwa mzuri! Besi ilitoka imeshiba. Nilikuwa tayari nimemwona Papa kichwani mwangu akiwaita majirani zake wa Kinshasa waje wamsikilize bintiye.

Ghafla umeme ukarudi. Maman jirani akachomeka redio ukutani tusikilize vizuri zaidi, na gitaa langu likatoka mbio kama linafukuzwa na mbwa, na sauti ya Mama, aliyekuwa amesema maneno mawili mwishoni, ikawa ya kifaranga. Betri zilizochoka zilikuwa zimeivuta kanda polepole wakati wa kurekodi; umeme sasa uliikimbiza. Tulicheka mpaka Maman jirani akajishika ubavu. Mama peke yake hakucheka. "Akisikia hivi," alisema, "atasema tumekodi mutoto aige Koko." Na umeme ule, kabla hatujapanga lolote, ukaondoka tena.

Ndipo mwalimu wa mtaa wa chini akaleta kirekodi chake, kidogo kama kitabu cha sala, alichonasia masomo yake. Betri zake zilikuwa mpya. Nilikijaribu na kikanichukiza. Nilipopiga gitaa kwa nguvu kilibana sauti. Niliponyamaza, ukaja mvumo, na katika mvumo huo mbabula, bomba la jirani, miguu ya watu njiani.

"Mwalimu, kinanasa hata vitu hatukukiambia," nikalalamika.

"Njo vile kinatumikaka," alijibu bila haraka. "Kikisikia kelele, kinaziba sikio. Kikisikia kimya, kinatega sikio zaidi. Hakina kazi ingine."

Nilimsihi Mama tungoje umeme, tutumie redio kubwa. Sikutaka Papa asikie wimbo wake ukitoka kwenye debe. Mama akakisogeza kile kirekodi kati yetu. "Papa yako hakuomba uzuri," alisema. "Aliomba mama yake." Kirekodi cha mwalimu kikachaguliwa.

Kanda tuliyopata ilikuwa ya mahubiri. Tulizibandika tundu zake kwa karatasi na ugali wa muhogo, ili ikubali kurekodiwa upya, lakini dakika za mwanzo tukaziacha. Sista alikuwa na vizuizi vya kupita, na askari akitaka kusikiliza, basi amsikie padri akihimiza waumini wasisinzie.

Jumapili baada ya misa tulifunga mlango. Mwalimu alikunja blanketi akaliweka chini ya kirekodi ili meza isivume. Mama akasema yake, ndugu zangu wadogo wakasema jina na darasa, mmoja akasahau darasa. Kisha zamu ya Koko. Aliitazama ile mashine kama anavyotazama mtu asiyemsalimia.

"Miye siseme na kisanduku."

"Sema tu, Koko, Papa atakusikia."

"Atanisikia nayo fasi gani? Iko Kinshasa!"

Mama akapiga magoti mbele yake, akamnong'oneza jambo la pori. Sijui maneno yenyewe. Koko akavuta kitenge chake, akaisogelea meza, akamsalimu mwanawe kwa Mashi, lugha ya kwao, salamu ndefu. Kisha akanyamaza. Kanda inazunguka. Nikamwashiria aendelee. Akanipiga mkono.

"Namusalimia. Ajibu kwanza."

"Koko, hawezi kujibu, kanda inaisha!"

"Weye, nani alikufundisha kusalimia? Mutu anajibu, njo unaendelea."

Na hivyo ndivyo alivyofanya, mpaka mwisho. Nakuandikia kwa Kiswahili, lakini yeye aliyasema kwa Mashi. "Nasikia unasema nimekufa. Nani alikuambia?" Kimya. Aliinamisha kichwa kidogo, macho yamefumba nusu, kama mtu anayesikiliza maelezo marefu yasiyomridhisha. "Unakula nini huko?" Kimya. Kuku akajikuna chini ya meza. "Nani anakufulia?" Kimya, na mkaa ukapasuka kwenye mbabula. "Usipite pori. Umesikia?" Hapo alingoja zaidi kuliko pengine popote, hata mdogo wangu akaanza kutazama mlango. "Utarudi lini?" Kimya tena. Akatikisa kichwa. "Haya. Vizuri." Akasimama, akaenda kutazama maharagi.

Mimi nilikuwa nimekazia macho ule utepe ukipungua, nikipumua kwa hasira. Nikashika gitaa haraka, nikaanza wimbo wa Papa, nikafika pale waya wa breki unapoimba peke yake, na kirekodi kikasema ta! Kanda imekwisha.

Sista aliondoka nayo ndani ya mfuko wa shela zake. Sitakueleza tulivyongoja. Kila kishindo cha viatu mlangoni kilimfanya Mama aache kupepeta mchele. Mvua zilikuja zikaenda. Hatimaye likafika karatasi moja, mwandiko wa Papa, maneno machache: *Nimemsikia. Nabaki hapa hapa.* Mama alilisoma akiwa amesimama, akalikunja, akaingia chumbani, na siku hiyo tulikula nyama.

Tangu hapo Papa aliamini kila barua. Na Koko alipotutoka, kiangazi kimoja, kwa ugonjwa wa kifua uliomaliza siku chache tu, Mama alikaa na kalamu mkononi mpaka chai yake ikapoa. Akaandika: tuko wazima, watoto wanasoma. Juu ya Koko hakuandika neno, si la uzima wala la kifo.

Nchi ilipoungana tena, Papa alitua Kavumu na ndege. Alishuka amekonda, koti limemzidi. Alitutazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, akatazama nyuma yetu, kisha akamshika Mama mkono bila kuuliza kitu. Njia nzima ya kurudi mjini alitazama ziwa.

Nyumbani, watu walipokwisha kumpa pole, alitoa kanda kwenye mfuko wa shati. Karatasi yetu ya ugali ilikuwa bado imeng'ang'ania. Maman jirani akaleta redio yake, safari hii bila maneno. Padri akahimiza waumini wasisinzie. Mama akasema yake. Kisha Koko akamsalimu mwanawe, akanyamaza, na Papa, pale kwenye kiti, akaitikia kwa Mashi. Hakuharakisha wala hakuchelewa. Alipomaliza neno la mwisho, Koko akaendelea: nani alikuambia nimekufa? Naye akaeleza. Unakula nini? Akataja muhogo, samaki wa mtoni. Ndipo tukaelewa kwamba miaka yote ile, katika chumba chake cha Kinshasa, alikuwa akimjibu, mpaka urefu wa kila kimya ukamkaa mwilini.

Na katika kimya hicho, kwa kuwa kirekodi cha mwalimu kilitega sikio, ilikuwemo nyumba yetu nzima: mbabula, bomba, kuku, mimi nikipumua kwa hasira. Papa alituambia kwamba sauti ya mama yake ndiyo iliyomzuia asiende porini, ila kilichomlaza usingizi ni zile nafasi tupu.

"Utarudi lini?" Koko akauliza. Swali hilo, alituambia baadaye, huko Kinshasa aliliacha lipite kila mara, kwa sababu hakuwa na jibu.

"Nimefika, mama," alisema.

Mkaa ukapasuka. Kuku akajikuna.

"Haya," Koko akasema. "Vizuri."

Leo Papa naye hayupo. Pale mteremkoni pamejengwa ghorofa, Maman jirani alihamia Katana kwa mwanawe, na vinu vya sombe vimepisha mashine ya kusagia inayolia mara moja tu asubuhi na kunyamaza. Wapwa zangu hunitumia sauti kwenye simu. Husalimu na kuendelea kwa pumzi moja, na kabla sijafungua mdomo wameshaniaga. Kanda ninayo mimi. Huizungusha mara chache sana, maana utepe umechoka. Koko anaponisalimu, naitikia, hilo bado naliweza. Maswali yanayofuata nayaelewa yote, lakini Mashi yangu imechakaa njiani, katika miji hii niliyopanga vyumba, na ulimi hauleti jibu. Basi yeye anangoja, nami nangoja naye, mpaka aendelee.