Nondo wa Baba

Mvua za kwanza zilipoanza, baba aliniambia mimi binti yake kwamba anataka kuwaona nondo. Si hawa wadogo wa kabatini. Alitaka wale wakubwa kama kiganja, wenye maduara mabawani kama macho ya mtu aliyeshtuka. Miaka mingi alikuwa soja, mlinzi wa usiku kule sokoni Kibuye, na hao ndio waliokuwa wageni wake chini ya taa ya duka. Sasa alikuwa kitandani nyumbani kwetu Dunga, koo limeziba, hata uji umemshinda.

"Nondo huyo hana mdomo," alisema kwa sauti iliyobaki. "Anakula akiwa kiwavi, basi. Mwenzangu huyo."

Sikucheka. Kazi yangu ilikuwa kumwambia atapona. Kulia nililia mbali, ziwani nikifua, na nilimchukia yeyote aliyemtazama kama marehemu.

Giza lilipoingia nilitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, nikaazima taa kali kwa wavuvi wa omena, nikafungua dirisha lililo kando ya kitanda chake. Wakaja. Wa kwanza alitua shukani, akafungua mabawa polepole, na baba akainua shingo. Nilifurahi, mjinga mimi, nikasahau kwamba huku kwetu taa ikiwaka uani usiku nyumbani kwa mgonjwa, watu hawaulizi.

"Uwi! Mzee ametuacha! Uwi!"

Jirani yetu alikuja mbio, mikono kichwani, na wanawake wengine nyuma yake, mmoja amebeba kabisa kiti cha plastiki cha kukalia matanga. Jirani akajitupa chini mbele ya shuka. Nondo wakatawanyika. Damu ilinichemka, nikamshika mkono nimtoe uani.

"Muache," baba akasema pale dirishani. "Waache walie kwanza. Nataka kusikia."

Wale wa nyuma hawakumsikia, wakaendelea. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho, akiwatambua kwa sauti. Mmoja alimlilia vizuri sana, akataja hata filimbi yake ya usoja. Kisha baba akafumbua macho akanitafuta.

"Hata huyo wa mbali analia. Na wewe, mama yangu, mbona hulii?"

Nikaingia ndani, nikamlilia akiwa hai. Naye akanishika kichwa mpaka nikamaliza.