Tofali la Baba Mbele ya Majaji

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi hapa Babati, nasomea uashi, wasichana tukiwa watatu tu darasa zima. Tangazo la mashindano lilibandikwa kwenye ubao wa nje ya karakana: wanafunzi walete wazo jipya la kutatua tatizo la ujenzi, na waje nalo likiwa limeshatengenezwa, si la kwenye karatasi. Mwalimu wetu alilisoma kwa sauti, kisha akatugeukia.

"Msiniletee michoro ya maghorofa," alisema. "Nileteeni kitu ambacho mtu wa kijijini Mutuka anaweza kukifanya kesho asubuhi."

Mimi na mwenzangu, msichana wa Sigino niliyekaa naye dawati moja, tukachagua pumba za mpunga. Anayepita barabara ya Magugu ameyaona yale malundo nyuma ya mashine za kukoboa, yanafuka moshi siku nzima na hayana mwenyewe. Pumba zikichomwa vizuri na majivu yake yakisagwa laini, yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji kwenye tofali. Hilo hatukulivumbua sisi. Letu lilikuwa tanuri dogo la pipa, la kuchomea pumba, ambalo mkulima angeweza kulitengeneza mwenyewe, pamoja na mashine ya kupimia: fremu ya chuma tuliyoichomelea karakana, ndani yake jeki ya lori yenye geji. Unapampu, tofali linabanwa, sindano inapanda mpaka tofali lipasuke. Kwenye kioo cha geji tulichora mstari mwekundu. Tofali likipasuka kabla ya mstari, halifai kujengea nyumba.

Baba yangu ni fundi wa kufyatua matofali. Kiwanja chake kiko Nangara, mbele ya nyumba yetu, na mimi nimekulia katikati ya matofali yake. Kabla ya kwenda shule ya msingi nilikuwa nayamwagilia maji, nikirudi nayamwagilia tena. Nilipochagua uashi Mama alinuna wiki nzima, lakini Baba alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. Nilipomweleza habari ya majivu alitikisa kichwa.

"Majivu yanasugulia sufuria, mwanangu. Hayajengi."

"Njoo siku ya mashindano uone, Baba."

"Nitakuja."

Ili majaji waelewe, ilibidi tupime matofali yetu pamoja na yale yanayouzwa mtaani. Mimi nilikuwa na kazi ya tanuri, macho yamekuwa mekundu kwa moshi, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyekwenda kununua. Alirudi jioni na bodaboda. "Nimepata matatu, nimeyaweka stoo," aliniambia. Nikamshukuru. Sikuuliza ameyatoa wapi, na wala sikwenda kuyatazama.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Walikuwepo wazazi, mafundi, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wakiwa na kofia zao nyeupe, na majaji watatu mbele. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mhandisi aliyetoka Arusha, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Baba alikuja amevaa koti alilolivaa siku ya kipaimara changu. Alikaa mstari wa pili na kunipungia mkono kama vile nasafiri.

Tulianza na matofali yetu. Mwenzangu aliyaweka kwenye fremu moja moja, mimi nikapampu. Sindano ilipanda, ikavuka mstari mwekundu, ikaendelea. Watu wakapiga makofi. Nilimwona Baba ameinua nyusi, anamnong'oneza jirani yake.

Kisha mwenzangu akaweka tofali la mtaani.

Nilikuwa nimeshashika mkono wa jeki. Tofali lilikaa na pembe yake imenielekea, na kwenye pembe ile kulikuwa na mstari mnene, kama kovu. Kalibu ya Baba, ile ya chuma ya kufyatulia, ilipasuka pembeni zamani, akaipeleka kuchomelewa, na tangu hapo kila tofali linalotoka humo lina kovu lile. Ningelitambua hata gizani, kwa vidole. Mkono wangu ukasimama.

"Pampu," mwenzangu alinong'ona.

Nilipapasa lile kovu kwa kidole.

"Pampu bwana, majaji wanasubiri."

Nikapampu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema naumwa tumbo, kwa nini sikuangusha mkono ule chini. Nadhani bado nilikuwa naamini. Nilikuwa na hakika kwamba tofali la baba yangu lingevuka mstari, pengine lingelishinda letu, na jioni tungecheka nyumbani.

Sindano haikufika hata nusu ya njia. Tofali halikutoa mlio wa kupasuka. Lilitoa sauti ya mtu anayekanyaga mkate mkavu, kisha likamwagika. Mchanga ulijaa mezani, ukachuruzika sakafuni, juu ya viatu vyangu. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwenzangu akaweka la pili, nalo likamwagika vilevile.

Yule mama mhandisi alinyanyuka, akachukua bonge lililobaki na kulifikicha kwa vidole viwili. Likawa vumbi.

"Haya mmeyatoa wapi?"

Mwenzangu alijibu haraka, akijivunia kazi yake. Alikuwa anakaa bweni, hakujua kwetu ni wapi. "Nangara, mheshimiwa. Kwa fundi mmoja mkubwa, anauza sana. Hata lori lilikuwa linapakia nilipofika."

"Na huyo fundi anajua kwamba matofali yake yako hivi?"

Mwenzangu akanitazama ili nimsaidie. Mimi nilikuwa namtazama Baba. Alikuwa anasimama. Nilifikiri anaondoka, na ninakiri kwamba moyoni nilimwomba aondoke.

"Ni yangu hayo," alisema.

Mwenzangu alishika mdomo.

"Ni yangu," alirudia. "Na huyo mwenye jeki ni binti yangu. Yeye hakujua." Nilidhani amemaliza, lakini akaendelea, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Darasa jipya la shule ya msingi, lile tulilojenga wazazi kwa nguvu zetu. Matofali yake ni haya haya."

Mama mmoja karibu na mlango aliinuka na kutoka nje mbiombio, akiacha mwavuli wake. Mwanawe alikuwa anasoma humo. Wakamfuata wengine wawili, kisha viti vikaanza kusogezwa ukumbi mzima. Baba alibaki amesimama na koti lake, mikono imening'inia, kama mtu aliyeitwa ubaoni.

Tulipewa nafasi ya kwanza. Nakumbuka cheti kikiwa mkononi mwangu. Sikumbuki nilitembeaje kwenda kukichukua, wala nani alinipa.

Nyumbani nilimkuta Mama kwenye ngazi. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Umemvua baba yako nguo mbele za watu," alisema.

"Sikujua, Mama."

"Hukujua! Mtoto uliyeyamwagilia tangu una miaka sita, leo huyajui?" Kisha kitu kikamjia, akaketi chini. "Yule binti wa bodaboda. Msichana mrefu, mwenye misuko. Mimi ndiye niliyemuuzia. Nikamchagulia na mazuri."

Baba alikuwa ameingia nyuma yangu. "Mwache," alimwambia Mama. "Aliyejivua nguo ni mimi."

Alinieleza palepale, wala hakujitetea. Zamani mfuko mmoja wa saruji alikuwa anautolea matofali thelathini. Mteja akaja akasema fulani anauza rahisi zaidi. Akatoa arobaini. Hakuna nyumba iliyoanguka. Akatoa hamsini. Hakuna iliyoanguka. "Watu wananunua tofali, mwanangu," alisema. "Hawanunui saruji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ndani kuna nini."

"Lakini ulijua, Baba?"

"Nilijua saruji imepungua. Sikujua imekwisha."

Sijui mpaka leo kama jibu hilo lilinituliza au liliniumiza zaidi.

Jumamosi iliyofuata kamati ya shule ilikutana kwenye darasa jipya. Watoto walikuwa wameshahamishiwa chini ya turubai. Mama mhandisi alikuwa amekubali kubaki mjini, akaja na nyundo ndogo, akagonga ukuta hapa na pale huku ametega sikio. Akasema kuta zote zishushwe mpaka kwenye msingi. Baba akaomba apige wa kwanza.

Nilikwenda naye. Nilidhani mshtuko wangu wote ulikwisha ukumbini.

Aliinua nyundo kubwa akapiga katikati ya ukuta, kwa nguvu, kama mtu anayetegemea kuzuiwa. Nyundo ikapita. Ikatokea upande wa pili, na Baba akaifuata mpaka begani, nusura aanguke. Alipojitoa, mwanga ulikuwa unapita kwenye tundu, na ndani niliona chati ya irabu ikiwa bado imetundikwa, na chini yake dawati la watoto watatu likiwa limejaa mchanga. Si mbali. Palepale chini ya ukuta. Nikachuchumaa kwenye majani. Mjumbe mmoja wa kamati alivua kofia.

Baba aliiweka nyundo chini. Aliingia kwanza ndani, akaitoa ile chati taratibu, pini moja moja, akaikunja na kumkabidhi mwalimu mkuu. Ndipo akarudi kubomoa. Kabla ya saa sita hakukuwa na ukuta.

Alilijenga darasa upya likizo nzima. Mwenzangu alikuja siku ya kwanza, akasimama kwenye geti la kwetu, hathubutu kuingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini?" Baba alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Ulinunua tofali. Ingia. Leteni hiyo mashine yenu."

Tukaileta kwa toroli. Kila alipofyatua fungu jipya, tulisubiri likomae, tukachagua matofali bila yeye kuona, tukayabana mbele yake. Mara ya kwanza moja kati ya matatu lilipasuka chini ya mstari. Alikataa fungu zima, ingawa tulimwambia mawili yalifaa. Tulitaka sana kutia majivu yetu kwenye darasa lile, washindi kama sisi, lakini mama mhandisi alituambia kwa simu: "Majivu yenu bado hayajapita maabara. Watoto walale kwenye kinachojulikana." Alisema walale, nadhani alikusudia wasome. Hatukubishana naye.

Lakini lililokuwa gumu zaidi halikuwa darasa. Darasa lilikuwa moja. Matofali ya Baba yalikuwa yamejenga nyumba Nangara, Sigino, Mutuka, na nyingine alizisahau mpaka tulipopita mbele ya mojawapo akasimama ghafla. Aliamua kwenda kwa kila mwenye nyumba anayemkumbuka, nami nikamsindikiza. Sikutarajia tulichokutana nacho. Nilijiandaa kwa matusi. Mwenye nyumba mmoja alitufungulia mbwa, ni kweli, lakini wengi walicheka.

"Nyumba imesimama, fundi," mmoja alimwambia, akipiga ukuta wake kofi. "Sasa wewe unataka nini?"

Wengine walidhani anatafuta kazi ya kuwajengea upya. Kila walipocheka, uso wa Baba ulizidi kusinyaa.

Mutuka tulimkuta bibi mmoja anapepeta maharage kwenye kivuli cha nyumba yake, vyumba viwili, bila lipu. Kwenye kila tofali la pembeni niliona lile kovu. Alisikiliza maelezo yote ya Baba hadi mwisho, ungo ukiwa juu ya mapaja.

"Sasa mimi niende wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha polepole, chenye lafudhi ya lugha yake ya nyumbani. "Nimelala humu masika tatu. Ukuta haujanisema neno baya."

"Hautasema, bibi," Baba alijibu. "Utakuangukia tu."

"Basi utajenga mwingine?"

"Nitajenga. Baada ya mavuno nitakuja na matofali. Kwanza huu wa upande wa mvua, halafu zile nyingine."

"Baada ya mavuno ni mbali."

Baba akaomba ruhusa ya kuona chumba anacholala. Bibi akatuongoza ndani. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kimebanwa kwenye ukuta wa upande wa mvua, kichwa kikiwa kimegusa matofali kabisa.

"Tukisogeze," Baba alisema.

Bibi alipinga kidogo. Alisema hapo ndipo anapopata upepo. Mwishowe akatoa mablanketi yake na kuyashika kifuani. Baba alishika miguu ya mbele, mimi ya nyuma. Tulikipeleka taratibu katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne. Bibi akakizunguka mara moja, akakaa, akakijaribu kwa kudunda kidogo.

"Hapa nitaonekana kama maiti anayeagwa," alisema.

Nilishtuka, nikamtazama Baba. Naye alikuwa ameinamisha uso, anapangusa vumbi la mchanga lililodondoka ukutani likabaki kwenye mto wa bibi.